Kwilti za wateja na ukarabati: kumaliza kazi kabla mteja hajapanda gari la Krismasi

Mteja akikuambia, "Fundi, nataka kabla ya Krismasi," usiandike tarehe 25. Muulize anasafiri lini. Hapa Nairobi watu wengi wana kwao kwingine. Kuna familia zinazoondoka karibu na Jamhuri, tarehe 12 Desemba, maana watoto wamefunga shule, na kuna wanaongoja mpaka tarehe 22 kazi zifungwe. Kwilti anayompelekea mama yake Kisii au Taita haitamfaa ikiwa tayari tarehe 24, naye alishafika juzi mikono mitupu.

Nawaandikia mafundi wenzangu wanaoshona mifarishi ya viraka, au kwilti kama wateja wetu wanavyoiita, na ambao bado mlangoni wanapokea ukarabati: ukingo ulioachia, kiraka kilichochanika, zipu ya foronya. Kwilti ni kazi ndefu inayotaka utulivu. Ukarabati huja kwa vipande, na kila kipande ni "kidogo tu, fundi". Vidogo hivyo ndivyo vinavyomaliza Desemba, na mwishowe unajikuta unatamka lile neno lililotuharibia jina mafundi wote: njoo kesho. Mimi nalichukia neno hilo, na mpangilio ufuatao nimeufuata ili nisilitamke.

Hatua ya 1: Hesabu saa ulizo nazo

Chukua kalenda na kalamu. Mimi huhesabu wiki tano, kuanzia katikati ya Novemba hadi karibu tarehe 19 Desemba. Ukitoa kupokea wateja, kwenda kununua uzi, chakula, na stima kupotea, saa za kushona kwelikweli hazizidi sita kwa siku. Kwa siku sita za wiki ni saa 36. Punguza robo kwa ajili ya mambo usiyoyatarajia, zinabaki 27. Wiki tano ni saa 135. Toa sita za Jamhuri, unabaki na 129.

Sasa pima kazi yenyewe. Kwilti ya inchi 60 kwa 80, mteja akiuleta uso (viraka vya juu) ukiwa umeshaunganishwa, mimi hunichukua saa mbili na nusu kupiga bandi (kushikiza tabaka kwa pini kabla ya kushona), saa tano kushona pamoja tabaka zote tatu, yaani uso, wadingi laini wa katikati, na mgongo wa chini, na saa tatu na nusu kuweka ukingo. Jumla ni saa 11. Zako zinaweza kuwa 8 au 15. Kaa na saa ukutani ushone moja, uandike. Kwa mwendo wangu, kwilti nane ni saa 88, na zinabaki 41 za ukarabati. Mteja wa tisa ninamwambia Januari, hata akiwa rafiki yangu.

Hesabu hiyohiyo ikusaidie kwenye bei. Kwilti ile ni takriban futi za mraba 33. Tuseme unatoza shilingi 100 kwa futi: ni kama shilingi 3,300, yaani 300 kwa saa, na hapo hujatoa uzi wala kodi ya kibanda. Ukiona haikulipi, pandisha bei sasa, kabla hujapokea kazi ya kwanza. Bei ikibadilika katikati, mteja huhisi ameibiwa.

Kisha andika tarehe za mwisho kwenye karatasi kubwa uibandike mlangoni. Zangu ni hizi: kwilti ya kuanzia kukata vitambaa, tarehe 10 Novemba, uso uliokwisha kuunganishwa, 25 Novemba, ukarabati mkubwa, 5 Desemba, mishono iliyoachia na zipu, 15 Desemba. Karatasi hiyo itabishana na watu kwa niaba yako.

Hatua ya 2: Pokea kazi kwa macho na mikono

Usipokee kwilti ikiwa imekunjwa kwenye mfuko. Itandaze mbele ya mteja, mzunguke pamoja pembe kwa pembe, na kila doa na kila tundu ulipige picha kwa simu. Mtumie picha hizo palepale. Halafu andika kwenye daftari: namba ya kazi, jina, vipimo, kinachotakiwa, siku ya kusafiri, siku ya kuchukua (siku tatu kabla ya safari), bei, na malipo ya kwanza. Nusu iingie kwa M-Pesa kabla hujagusa sindano. Namba ile iandike pia kwenye kipande cha kitambaa cheupe, ukifunge na pini kwenye pembe. Karatasi hudondoka.

Kuna vipimo viwili huwezi kuviruka.

Cha kwanza ni rangi. Lowesha kitambaa cheupe kwa maji ya uvuguvugu, ukisugue juu ya viraka vyekundu, vyeusi na vya buluu nzito. Mwaka mmoja nilipokea uso wenye kitenge chekundu kando ya shuka nyeupe. Nilikuwa na haraka, sikupima. Nilipomaliza kushona, niliinyunyizia maji kuondoa alama za chaki nikaitundika. Asubuhi nilikuta kila kiraka cheupe kimepakwa uwaridi pembezoni. Niliisuuza mara tatu kwa maji mengi, ikafifia tu. Nilimpigia mteja kabla hajaja, nikamrudishia pesa zake zote. Alilia, kwa kuwa kitenge kile kilikuwa cha dada yake aliyefariki, na pesa hazikuwa zinatibu hilo. Rangi ikitoka kwenye kipimo, usiilowanishe kwilti kabisa: shona kwa kufuata mishono iliyopo badala ya kuchora mistari, na mwambie mteja aifue mara ya kwanza kwa maji baridi mengi, bila kuiloweka, na kuianika mara moja.

Cha pili ni nguvu ya kitambaa. Kishike katikati ya vidole gumba viwili ukivute polepole. Kikiachia kama karatasi, kimeoza, na kiraka kipya utakachokishonea juu yake kitakirarua zaidi. Mwambie mwenyewe ukweli huo siku hiyohiyo. Pendekeza kukata sehemu nzima na kutengeneza mto au kwilti ndogo ya mtoto.

Hatua ya 3: Gawa siku kwa aina ya kazi

Jumatatu hadi Jumatano ni za kwilti. Alhamisi ni ya ukarabati peke yake. Ijumaa ni kuweka kingo, na Jumamosi asubuhi watu wanachukua na kuleta. Kuchanganya kunakugharimu kuliko unavyodhani: kila ukitoka kwenye kwilti kwenda kwenye zipu, unabadili sindano, uzi, mguu wa mashine na mkazo wa uzi, halafu unarudisha vyote. Ukifanya hivyo mara nne kwa siku umepoteza saa nzima.

Mteja akija Jumatatu na mshono ulioachia, mpokee vizuri, iandike, iweke kwenye kikapu cha Alhamisi. Huu ndio mtihani mkubwa, hasa kwa shosho aliyetembea kutoka mbali. Mimi nina ruhusa moja tu ya kuvunja sheria: kazi ya kushona kwa mkono isiyozidi dakika kumi, ambayo naifanya nikiwa nimekaa naye tukiongea. Mashine haiguswi.

Hatua ya 4: Nunua vyote kwa safari moja

Msongamano wa Desemba mjini unaujua. Nenda mapema asubuhi, katikati ya Novemba, na orodha mkononi. Eastleigh nanunua kitambaa cha shuka kwa mita, Gikomba natafuta shuka za pamba za mtumba zilizo imara, na sehemu nyingine ya vitenge naipata Biashara Street.

Kitambaa cha mgongo kiwe kikubwa kuliko uso kwa inchi 4 kila upande. Kwilti ya 60 kwa 80 inataka mgongo wa 68 kwa 88. Kitenge kina upana wa karibu inchi 44, kwa hiyo utahitaji vipande viwili vya inchi 88, takriban mita 4.5, na mshono katikati. Kitambaa cha shuka chenye upana wa inchi 90 kinakuondolea mshono huo, na mara nyingi kinatoka rahisi zaidi.

Ukingo, ile baindingi, uhesabu hivi: 60 na 80 na 60 na 80 ni 280, ongeza 12 za kuunganishia, inakuwa 292. Tepe moja iliyokatwa kwenye upana wa kitenge hutoa kama inchi 42, na kila kiungo cha mshazari hula kidogo. Kata tepe nane za upana wa inchi 2.5. Hizo ni inchi 20 za kitambaa. Chukua 24 uwe na amani.

Pamba isiyofuliwa husinyaa. Fua na uanike mgongo kabla ya kukata, na ufanye hivyo mapema, kwa kuwa mvua za vuli zikishika kitambaa kinakaa kambani siku mbili bado kibichi.

Hatua ya 5: Piga bandi kwilti tatu kwa mkupuo

Kinachotuchelewesha wengi ni nafasi ya kutandaza. Kibanda cha futi nane kwa kumi hakiwezi kulaza kwilti. Mimi huomba sakafu ya ukumbi wa kanisa siku ya kazi asubuhi, nikifagia kabla na baada. Paa la jengo linavutia, lakini upepo utakunyanyua uso wote, na mvua haipigi hodi.

Laza mgongo, upande mbaya ukitazama juu, ubandike sakafuni kwa selotepu ya karatasi. Uwe umenyooka bila kuvutwa. Ukiuvuta, utajikunja ukishautoa. Tandaza wadingi juu yake, ulainishe kwa viganja kutoka katikati kwenda nje. Kisha uso. Anza pini katikati, ukisogea nje, moja kila inchi 4, kama upana wa ngumi yako. Kwa kwilti ya 60 kwa 80 ni pini 300. Ukiona umetumia 120 na umemaliza, rudi tena, maana kitambaa kitateleza na utakuta mikunjo iliyoshonwa mgongoni. Kufumua mikunjo hiyo kunachukua muda mrefu kuliko zile pini 180 ulizozikwepa.

Ukimaliza moja, ikunje na namba yake, laza ya pili. Tatu kwa asubuhi moja zinawezekana mkiwa wawili. Hapa ndipo kijana aliyefunga shule anaweza kusaidia na kulipwa.

Hatua ya 6: Shona

Weka sindano mpya ya 90/14, au 100/16 kama ndani kuna jinzi. Urefu wa mshono uwe milimita 3. Jaza bobini tano kabla ya kuketi. Tumia mguu wa kutembeza tabaka kama unao. Kama huna, punguza mkandamizo wa mguu na ushone taratibu. Anza mstari wa katikati, halafu wa kulia kwake, halafu wa kushoto, ukielekea nje.

Kwilti ya mapambo mengi Desemba ni mtego. Mistari iliyonyooka kila inchi 2 kwa urefu wa inchi 80 ni kama mistari 29, karibu mita 59 za mshono. Inatosha, inapendeza, na inadumu. Michoro ya maua iwekee wateja wa Februari.

Meza ipanuliwe nyuma na kushoto kwa viti au sanduku, ili uzito wa kwilti usiivute sindano. Sindano nyingi huvunjika kwa sababu ya uzito huo. Kwilti za rangi nyeusi zishone mchana, karibu na mlango. Stima ikipotea na una cherehani ya miguu, hamia pale ukaunganishe tepe za ukingo, na pasi ya makaa iwe tayari.

Hatua ya 7: Alhamisi ya ukarabati

Mwaga kikapu chote mezani, upange mafungu kwa rangi ya uzi na si kwa mteja. Uzi mweupe wote kwanza, kisha mweusi, kisha rangi nyingine.

Mshono ulioachia kati ya viraka haufai kupigwa mashine kwa juu. Ukunje ukingo wa kila kiraka kama ulivyokuwa, uingize sindano ndani ya mkunjo wa upande mmoja, itokee, iingie mkunjo wa pili mkabala, kama unapanda ngazi. Kila hatua tano, vuta uzi, na pengo linafunga lenyewe bila mshono kuonekana.

Kiraka kilicholika usikifumue. Na usitumie wembe kwenye kwilti, hata kama umeuzoea kwenye suti, kwa kuwa chini ya uso kuna wadingi na chini yake mgongo, na wembe hauoni. Kata kiraka kipya kinachozidi cha zamani kwa robo inchi kila upande, kunja kingo kwa pasi, kiweke juu, ukishike kwa mkono kwa mishono midogo inayoshika uso tu. Halafu pitisha upya mistari ya zamani juu yake, ishike tabaka zote tatu. Ukisahau hatua hiyo, kiraka kitavimba kama puto baada ya kufuliwa. Kipande cha shuka ya Kimasai mara nyingi kina nyuzi zinazoyeyuka kwa moto; pasi iwe ya joto la chini na juu yake uweke kitambaa cha pamba.

Ukingo huanza kulika upande wa kichwani, mahali mikono inapovuta usiku. Badilisha kipande hicho tu, ukipishana na wa zamani inchi moja kila mwisho.

Wiki moja mama mmoja aliniletea kwilti iliyotokana na leso za mamake. Leso moja ilikuwa imebaki na jina lake, yale maandishi ya chini, na tundu lilikuwa limeanza kula herufi mbili za mwisho. Ningeweka kiraka, maneno yangepotea, na maneno yale ndiyo aliyokuja kuyaokoa. Nilinunua neti laini, ile ya shela ya bibi harusi, nikaikata kubwa kuliko tundu, nikaweka kipande cha pamba cha rangi ileile chini, kisha neti juu, nikazishika pembeni kwa uzi mwembamba wa mshono mmoja mmoja. Ukisimama mbali, neti haionekani, na maneno yanasomeka. Usitumie kipande cha chandarua kwa kazi hii. Vingi vina dawa, na mtoto atalala akikinyonya. Popote penye leso, tafuta jina kabla ya kutafuta tundu.

Nguo chafu iliyochanika isifuliwe kwanza. Maji na kusugua vitaongeza tundu. Ikung'ute, ianike, ipige bandi pale palipochanika, ndipo ifuliwe, ndipo uitengeneze. Ndiyo sababu kazi ya namna hii haipokelewi baada ya tarehe 5.

Hatua ya 8: Kagua, fungasha, kabidhi

Ijumaa, ukingo ukishakaa, tandaza kwilti na upitishe kiganja juu yake yote, uso na mgongo, polepole. Kiganja hugundua pini iliyosahaulika kabla jicho halijaiona. Hesabu pini zako: ukitoa 300, zirudi 300. Kwilti ya mtoto naikagua mara mbili. Kata ncha za nyuzi, linganisha na picha ulizopiga siku ya kupokea, piga picha mpya, umtumie mteja pamoja na salio.

Kama inasafirishwa peke yake kwa basi au matatu, ifikishe steji kufikia tarehe 18, kabla vifurushi havijarundikana. Ikunje mgongo ukiwa nje, itie kwenye mfuko wa nailoni ufungwe vizuri, halafu ndani ya gunia, maana mzigo unaweza kupanda juu ya gari na mvua ipo. Jina na namba ya simu ya mpokeaji viandikwe nje, na karatasi nyingine iwekwe ndani.

Aliyechelewa kulipa salio akikwambia atatuma akifika nyumbani, mshikie kwilti kwa upole mpaka ujumbe wa M-Pesa uingie. Ulimwambia hivyo siku ya kwanza, na imeandikwa kwenye daftari.

Tarehe 20 ukishakabidhi ya mwisho, toa sindano uitupe, ondoa sahani ya chuma, fagia manyoya ya wadingi yaliyojaa kwenye meno ya mashine na chini ya bobini, tia mafuta matone machache, ushone kwenye kitambaa kikuukuu mpaka mafuta yasionekane, kisha uifunike. Halafu mpigie yule mteja wa tisa umpe siku yake ya Januari.